Darasa jipya, zamu mbili au hosteli? Ulinganisho kwa bodi za sekondari za kata kabla ya Januari 2028

Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea watoto wa madarasa mawili kwa mpigo. Mtaala wa Tanzania ulioanza kutumika 2024 umeishusha elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, na miongoni mwa walioanza nao ni watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka huo. Hao watamaliza darasa la sita mwishoni mwa 2027. Wenzao waliowatangulia mwaka mmoja wamebaki kwenye utaratibu wa zamani, nao watamaliza darasa la saba mwaka huohuo. Wizara inalijua hilo na halmashauri zinalijua. Kwenye vikao vya bodi, hata hivyo, mara nyingi ajenda bado inasomeka "ujenzi", haina mwaka wala idadi.

Hapa chini nalinganisha njia ambazo bodi ya sekondari ya kutwa ya kata inaweza kuzichukua. Bodi haiajiri walimu wa serikali, na haipangi mihula. Siku 194 za masomo zinapangwa juu. Lakini matumizi ya ruzuku, kipi kijengwe kwanza, ratiba ya siku ikaeje na wazazi waombwe nini, hayo yote yanapita mezani pake, na mkuu wa shule kama katibu anayaandika kwenye muhtasari. Kinachoamuliwa vibaya hapo kinakaa miaka.

Hesabu kwanza, ubishi baadaye

Tuchukue shule ya mfano yenye mikondo minne kila kidato, wanafunzi 40 kila mkondo kama kiwango cha serikali kinavyotaka. Jumla ni mikondo 16, wanafunzi 640. Najua shule nyingi zina 60 au 70 chumba kimoja, lakini tuanze na shule iliyonyooka ili hesabu isitupotee.

Januari 2028 kidato cha kwanza kinakuwa na mikondo minane, na shule nzima inakuwa na mikondo 20. Ziada ni vyumba vinne. Nimewahi kusikia watu wakitaja nane, kumi na mbili, hata kumi na sita, kana kwamba kila kidato kitaongezeka siku hiyohiyo. Ni vinne, kwa sababu kundi lile linahama na ziada yake: 2028 liko kidato cha kwanza, 2029 cha pili, 2030 cha tatu, 2031 cha nne, kisha linaondoka.

Mjumbe makini atauliza papo hapo: kama ni wimbi la miaka minne, kwa nini tujenge vyumba vya kudumu? Swali zuri, na kwa shule ya mfano wetu lina nguvu. Kwa shule halisi linapungua nguvu, kwa sababu mbili. Ya kwanza, vyumba vingi vimeshabeba kupita kiasi tangu ada ilipoondolewa 2016, kwa hiyo vinne vya ziada vitapata kazi hata wimbi likipita. Ya pili, sera mpya imefanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi, yaani hadi kidato cha nne. Lile chujio la mwisho wa shule ya msingi, lililokuwa likiwaacha watoto nyumbani, ndilo linaloondoka.

Sasa yale yanayosahaulika. Wanafunzi 160 wa ziada wanadai viti na meza 160. Wanadai matundu ya vyoo: kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, kwa hiyo wakiwa nusu kwa nusu ni matundu manne kila upande. Na wanadai walimu. Mikondo minne yenye vipindi 40 kwa wiki ni vipindi 160. Mwalimu mwenye vipindi 24 akiwa kipimo, unahitaji karibu walimu saba. Darasa lenye bati jipya na vigae vinavyong'aa lisilo na mwalimu wa hisabati ni kivuli cha kukaa wakati wa jua.

Na mfuko? Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, nusu yake ikiwa ya vitabu. Kwa wanafunzi 640 inabaki milioni 8. Ukiongeza fidia ya ada ya kutwa, shilingi 20,000 kwa kichwa, unapata milioni 12.8 nyingine. Jumla milioni 20.8, ikija yote na kwa wakati. Serikali ilipojenga madarasa kwa wingi mwaka 2021 na 2022 ilitenga milioni 20 kwa chumba. Kwa maneno mengine, fedha yote ya kuendeshea shule mwaka mzima, ukiondoa vitabu, ni chumba kimoja. Hakuna chaki, hakuna karatasi za mitihani, hakuna mlinzi, hakuna umeme. Bodi inayosema "tutajenga kwa ruzuku" haijapiga hesabu.

Darasa jipya

Sifa yake kubwa haihitaji maelezo marefu: likiisha, limeisha. Halibadilishi maisha ya mzazi wala ratiba ya mwalimu, na mtoto anasoma saa zilezile.

Ukweli kwamba linawezekana haraka tuliuona kwa macho. Mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa 2021, zile fedha za UVIKO, ulijenga madarasa 15,000 ndani ya miezi michache. Mwaka uliofuata yakaja mengine 8,000 kwa ajili ya kidato cha kwanza cha Januari 2023. Utaratibu ulikuwa fosi akaunti: shule yenyewe inanunua saruji na nondo, mafundi wanatoka jirani, na kuna kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Pale kamati ya mapokezi ilipohesabu mifuko kweli badala ya kusaini tu, chumba kilisimama na chenji ikabaki. Pale mwenyekiti wa manunuzi alipokuwa na duka la vifaa, kila mtu kijijini anajua kilichotokea.

Udhaifu wa darasa jipya ni kwamba halivumilii fedha ya matone. Zamu unaweza kuianza nusu, hosteli unaweza kuianza na wasichana ishirini, lakini chumba kilichofika kwenye renta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, bila bati si nusu ya chumba. Ni boma. Na boma la matofali ya kuchoma likipigwa na masika mawili bila kuezekwa, fundi atakayekuja baadaye ataanza kwa kubomoa mistari ya juu ya matofali.

Hatujafika hapo kwa bahati mbaya. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya biolojia. Lengo lilikuwa sahihi, wananchi walichangishwa nchi nzima, na sehemu nyingi kuta zilipanda hadi renta zikaishia hapo. Baadhi zimemaliziwa miaka mingi baadaye kwa fedha za serikali. Baadhi zina miti ndani.

Ndiyo maana nasema: kabla ya kuchimba msingi mpya, hesabu maboma. Serikali yenyewe ilipotoa fedha za kumalizia maboma ya madarasa ilitoa milioni 12.5 kwa moja, chini ya theluthi mbili ya bei ya chumba kipya. Mlete mhandisi wa halmashauri aangalie nyufa na renta, aandike kipi kinafaa kuezekwa na kipi ni cha kuangusha. Hapo patakuwa na siasa, maana boma huwa na mwenyewe, ni la diwani fulani au la mwenyekiti aliyepita, na wapo watakaotaka msingi mpya wenye jina jipya. Bodi isimame na karatasi ya mhandisi.

Zamu mbili

Watu wa Dar es Salaam wanaijua kutoka shule za msingi zilizojaa: kundi moja asubuhi, jingine mchana, vyumba vilevile. Sekondari inaonekana kama njia ya aibu, na wajumbe wengi huikataa kabla haijaelezwa. Nadhani wanakosea kuikataa moja kwa moja. Ndiyo njia pekee kwenye orodha hii isiyohitaji saruji, na ndiyo pekee unayoweza kuiondoa mwaka unaofuata bila kupoteza kitu.

Ratiba yenyewe ndiyo yenye ugumu. Vipindi vinane vya dakika 40 ni saa tano na dakika 20. Ukiweka mapumziko ya nusu saa, zamu ya asubuhi inayoanza saa 1:00 inaisha saa 6:50, na ya mchana ikiingia saa 7:10 inatoka saa 1:00 usiku, jua limezama au linazama. Kwa shule ya mjini iliyozungukwa na mitaa yenye taa ni shida ndogo. Kwa binti anayetembea saa moja na nusu kupita mashamba ya mahindi, hilo jambo halijadiliwi.

Suluhisho linalotajwa sana ni kukata kipindi kiwe dakika 35 na mapumziko dakika 20. Hapo asubuhi ni saa 1:00 hadi 6:00 kamili, na mchana ni saa 6:30 hadi 11:30 jioni. Inakaa vizuri kwenye karatasi. Gharama yake ni dakika 40 kila siku, yaani kipindi kizima, yaani vipindi 194 kwa mwaka ambavyo mtoto hatavipata. Bodi ikikubali hilo, ikubali ikijua.

Zamu ina faida mbili ambazo sijawahi kuzisikia zikitajwa kwenye kikao. Vyoo havijai, kwa kuwa watu hawapo wote kwa wakati mmoja. Matundu manane yale ya ziada yanaweza kusubiri, mradi maji na usafi viongezwe. Na chakula cha mchana kinapungua uzito: wa asubuhi wanakwenda kula kwao, wa mchana wanakuja wameshakula. Kwa shule inayohangaika kila mwaka na mchango wa chakula, hilo si dogo.

Hasara zake nazo zihesabiwe. Chumba cha bati kisicho na dari, saa nane ya mchana, mwambao au bondeni, mwalimu anaongea na watoto wanaosinzia. Mvua ikija hasikiki kabisa. Watoto wa mchana wana asubuhi nzima bila msimamizi, na wa asubuhi wana jioni nzima. Michezo na klabu za masomo hufa, hata kama ratiba ya ukutani inazionyesha. Kubwa kuliko zote ni mwalimu. Zamu haiondoi lile pengo la walimu saba. Inalificha, kwa sababu mwalimu wa fizikia aliye peke yake ataingia asubuhi na mchana, na kufikia mwezi wa tano ataanza kuugua Jumatatu.

Mahali zamu inapofaa ni kama daraja la mwaka mmoja. Mikondo minane ya kidato cha kwanza inatumia vyumba vinne kwa zamu mwaka 2028 peke yake, huku kidato cha pili hadi cha nne wakiendelea na siku nzima. Usikubali ivuke hadi 2029. Mwaka huo kundi lile litakuwa kidato cha pili, lina mtihani wa upimaji wa taifa, na vipindi 194 vilivyokatwa mwaka wa kwanza vitakuwa vimeshaanza kudai.

Jambo moja la utaratibu: bodi isitangaze zamu kwa wazazi kabla afisa elimu sekondari wa halmashauri hajaridhia kwa maandishi.

Hosteli

Hapa ndipo vikao huchanganya mambo mawili. Hosteli haipunguzi hata mwanafunzi mmoja darasani. Inatatua umbali, haitatui msongamano. Bodi yenye vyumba pungufu ikijenga hosteli kwanza, itawalaza watoto vizuri na kuwasomesha chini ya mwembe.

Lakini pale umbali ndio ugonjwa, hosteli inazishinda njia zote. Kata nyingi ni kubwa, sekondari ni moja, na watoto wa vitongoji vya pembeni hupanga mageto karibu na shule. Chumba kimoja cha kupanga, wasichana wawili au watatu, jiko la mkaa mlangoni, mwenye nyumba anayekuja kudai kodi saa anayotaka, na hakuna mtu mzima anayeuliza nani amerudi saa ngapi. Mimba nyingi zinazofika mezani kwa bodi zina geto ndani yake. Tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni, na ni sawa kabisa, lakini ni nafuu zaidi kumwondoa geto kabla.

Bei ya jengo la hosteli ndiyo sehemu rahisi. Kinachoivunja hosteli ni mwezi wa tatu wa kuiendesha. Shule zilizosajiliwa kama za bweni serikali inazilipia chakula; hosteli iliyo ndani ya shule ya kutwa chakula chake ni cha wazazi. Matroni analipwa na nani? Mlinzi wa usiku? Maji ya kuoga ya watoto 80, kila siku, kiangazi? Mahindi na maharage yanaletwa muhula unapoanza, na kufika katikati stoo inaonyesha sakafu, kwa kuwa theluthi ya wazazi walileta nusu na kuahidi. Mkuu wa shule mwenye huruma anakopa dukani. Mkuu asiye nayo anawarudisha watoto nyumbani, na hapo wanarudi geto.

Jikoni nako kumebadilika. Marufuku ya kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100, iliyoanza kushika 2024, ina maana jiko la gesi au nishati nyingine liingie kwenye mchanganuo tangu siku ya kwanza. Hosteli ya wasichana 80 iko chini ya idadi hiyo, lakini kama jiko hilohilo linapika uji wa shule nzima, umeshavuka.

Ningeanza na wasichana wa kidato cha pili na cha nne wanaotoka mbali, idadi ndogo, na kukataa ombi la kuongeza vitanda hadi muhula mmoja upite stoo ikiwa haijakauka. Mageto ya wavulana nayo ni tatizo. Yasubiri.

Zikiwekwa ubavu kwa ubavu

| | Darasa jipya au boma | Zamu mbili | Hosteli |
|---|---|---|---|
| Linatatua nini | Msongamano | Msongamano, kwa muda | Umbali na usalama |
| Fedha za kuanzia | Kubwa, na zije kwa pamoja | Karibu hakuna | Kubwa |
| Fedha za kila mwezi | Kidogo | Usafi na maji | Nyingi, zinatoka kwa wazazi |
| Nani anabeba mzigo | Mfuko wa maendeleo | Mwalimu na mtoto | Mzazi na mkuu wa shule |
| Likishindikana | Boma | Unarudi ratiba ya zamani | Watoto wanarudi geto |

Maabara sikuiweka kwenye jedwali kwa makusudi. Kila shule yenye msongamano hugeuza maabara kuwa darasa, "kwa muda", na muda huo hauishi. Meza za zege zinabaki katikati ya chumba, watoto wanaandikia magoti, na mwezi wa mtihani wa vitendo ukifika inaanza mbio ya kuazima mizani shule ya jirani. Bodi iandike kwenye muhtasari kwamba maabara haiguswi, kisha iendelee na mengine.

Fedha: ya nani inakuja lini

Kuchagua jengo bila kuchagua chanzo cha fedha ni kupoteza kikao. Vyanzo havifanani, na tofauti kubwa iko kwenye muda kuliko kwenye kiasi.

Halmashauri na serikali kuu ndio wenye uwezo wa vyumba vinne kwa mkupuo, lakini wanakwenda na mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Maandalizi ya bajeti hufanyika miezi ya mwisho ya mwaka na ya mwanzo wa unaofuata. Kwa hiyo bajeti ya 2027/28 ndiyo ya mwisho inayoweza kuwahi Januari 2028, na hata hiyo inakupa Julai hadi Desemba kupokea fedha, kununua, kujenga na kupaka rangi. Ombi lipite kwenye kamati ya maendeleo ya kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti, likiwa na idadi ya watoto na karatasi ya mhandisi. Ombi linalosema "tunaomba madarasa" linapangwa nyuma ya lile linalosema "tunahitaji vyumba vinne, maboma mawili tunayo, wananchi wameshasomba mawe". Kama kata yenu ni kubwa kiasi kwamba sekondari ya pili ndiyo jibu, njia ni hiyohiyo. SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500 ulijenga shule mpya hasa kwenye kata zisizokuwa na sekondari.

Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009 na kuongozwa na mbunge, ni mzuri kwa kitu unachoweza kukihesabu: bati za chumba kimoja, mifuko ya saruji, viti. Usiuombe kuendesha hosteli.

Michango ya wazazi ndiyo yenye miiba. Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016 unaeleza mgawanyo wa majukumu chini ya elimumsingi bila malipo, na Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima mashuleni, akawatoa walimu kwenye kushika fedha na kuelekeza anayetaka kuchangia apeleke kwa mkurugenzi. Maana yake kwenye hesabu ni hii: hakuna mtoto anayeweza kurudishwa nyumbani kwa mchango, kwa hiyo bajeti inayotegemea kila mzazi alipe imekufa kabla ya kuzaliwa. Panga kwa nusu yao, ukipata zaidi shukuru.

Na uchague mwezi. Januari mzazi ana sare, madaftari na viatu, na sehemu nyingi ghala limeshapungua. Mahali penye mvua za msimu mmoja, baada ya mavuno ndipo mzazi huyohuyo aliyesema hana anatoa debe mbili bila kusukumwa. Nguvu kazi nayo ni fedha: mchanga, mawe, kokoto na maji vikisombwa na vitongoji kwa zamu vinapunguza bei ya chumba, alimradi mtendaji wa kijiji ndiye anayeita watu. Mwalimu akiita, inaonekana ni mradi wake.

Kwa ruzuku, ulinzi ndio kazi ya bodi. Ipeleke kwenye viti vilivyovunjika, ambavyo fundi seremala anavikarabati kwa sehemu ndogo ya bei ya kipya. Shule nyingi zina rundo nyuma ya stoo. Nenda kalihesabu kabla ya kuagiza 160.

Ningechagua hivi

Shule ya mjini, watoto wanatoka mitaa ya jirani, hakuna eneo la kujenga upande: zamu kwa kidato cha kwanza 2028 pekee, na ombi la vyumba liingie bajeti ya 2027/28 kama kinga, ili Januari 2029 zamu ife. Kama eneo ni dogo, ulizia gharama ya ghorofa mapema, kwa sababu fosi akaunti ya mafundi wa mtaani haifai huko.

Shule ya kijijini yenye maboma: maboma kwanza, vyoo pili, viti tatu. Zamu isiguswe. Kama mawili yanafaa kuezekwa na mawili yanayobaki hayana fedha, ni afadhali mikondo sita ya watoto 53 kwa mwaka mmoja kuliko mtoto kufika nyumbani gizani. Si kiwango, lakini walimu wetu wengi wanafundisha zaidi ya hapo leo.

Shule ya kata kubwa yenye mageto: hapa ningegawanya. Vyumba viombwe serikalini, kwa kuwa ni wajibu wake na inajua kuvijenga. Hosteli ndogo ya wasichana iwe kazi ya wananchi na wadau, ikiambatana na makubaliano ya chakula yaliyosainiwa na serikali za vijiji kabla ya msingi kuchimbwa. Kijiji kisichosaini, watoto wake wasubiri awamu ya pili. Ni kali, na kuna mjumbe atakayesema haina utu, lakini hosteli isiyo na chakula itawafunga hata wale wa vijiji vilivyosaini.

Kwa wote watatu, idadi ya kuombea isitoke kichwani. Walimu wakuu wa shule za msingi zinazoleta watoto kwenu wanazo takwimu za kila darasa. Omba majina ya madarasa yote mawili yatakayomaliza 2027, toa waliohama, ongeza wale wa shule binafsi ambao wazazi huwarudisha serikalini wakifika sekondari. Kazi hiyo inamalizwa na wajumbe wawili wenye pikipiki, na ifanyike kabla ya kikao kinachofuata ili mkuu wa shule awe na kitu cha kuambatanisha kwenye barua ya kwenda kata.